Muhula kwa Wafuga Tumbili wa Port Reitz: Barua ya Wazi kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini Kenya (KWS).

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kuwaelekezea maneno haya hadharani, kwa sababu jambo lenyewe si siri ya mtu mmoja, bali linatendeka mchana kweupe katika nyua na gereji na vibanda vya mtaa wetu wa Port Reitz, na aghalabu hutendwa na watu wema wasiokusudia ubaya, ilhali matokeo yake ni dhuluma kwa kiumbe asiyeweza kusimama mbele ya kadhi wala hakimu akajitetea. Nasema juu ya kufuga tumbili, na kima, na komba, na nyani wachanga. Na ombi langu, ambalo nalitanguliza ili msomaji asihangaike kulitafuta, ni kwamba Shirika lenu litangaze muhula wa kuwasalimisha wanyama hawa bila ya aliyewaleta kushitakiwa, kisha, muhula ukipita, sheria ishuke kwa uzito wake wote juu ya wale wanaowauza.

Port Reitz, kama mjuavyo, ni mahali pa mapito. Hori yetu yenye mikoko iko upande wa chini, uwanja wa ndege uko ubavuni, bandari ya Kilindini haiko mbali, na barabara kuu iendayo Nairobi na Kampala na hatimaye mashariki ya Kongo ni kama inaanzia milangoni mwetu, hata usiku kucha hatukosi kusikia malori yakiingia na kutoka Changamwe. Kitoto cha tumbili hununuliwa kando ya njia huko bara na utingo aliyeona huruma, au aliyeona fedha, kikaletwa hapa ndani ya kofia au kikapu cha mboga, kikauzwa tena, au kikatolewa hiba kwa mtoto wa mwenye nyumba. Wengine ni wenyeji wa papa hapa: vichaka vilivyokuwa vimebaki kuelekea Mwache na Dongo Kundu vimekatwa kupisha barabara na mabohari, mbwa wa walinzi wamezidi, nyaya za umeme zimepitishwa juu ya miti ambayo wanyama hawa wameirithi kwa wazazi wao, na mama akifa kwa umeme au kwa kugongwa na gari, mtoto hubakia amemkumbatia tumboni, naye apitaye njiani, akiwa na moyo, humchukua. Komba nao, hao watu wa usiku, hunaswa minazini kwa sababu ya mapenzi yao ya tembo la mgema, wakafungiwa katika vizimba vya kuku wakisinzia mchana wote na kulia usiku kucha, na mwenye nyumba hushangaa kwamba mnyama aliyemwona mzuri vile kwa macho yake makubwa amekuwa kero ya aila nzima.

Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inamhesabu mnyama wa mwitu kuwa nyara awe hai au awe mfu, na kifungu chake cha 95, kama kilivyopitishwa na Bunge, kinamwandalia mtu akutwaye na nyara bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au yote mawili. Ubavuni mwake ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na juu ya zote ipo Katiba ya 2010, ambayo katika Ibara yake ya 69 imeikalifisha dola kuvilinda viumbe na mazingira yao. Mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na ambao nchi yetu ni mmoja wa wanachama wake, umeiweka jamii nzima ya komba, kima, nyani na masokwe katika majedwali ya wanaolindwa, wala hakuna aina hata moja iliyoachwa nje. Na asije mtu akadhani kwamba mahakama zetu hazijali vitu vidogo: mwezi wa Mei 2025 vijana wawili wa Kibelgiji, waliokutwa na maelfu ya chungu hai ndani ya vichupa, walihukumiwa na mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta kulipa shilingi milioni moja kila mmoja au kukaa jela miezi 12. Ikiwa chungu amepatiwa haki hiyo, tumbili aliyefungwa kamba kiunoni uani kwa mtu ana daawa iliyo nzito zaidi.

Walakini nataka mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha barua yangu. Namjua mwenye gereji mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, aliyekuwa na tumbili dume akimfunga chini ya mwembe, mahali penye kivuli na upepo wa hori, ambapo watoto wa jirani walimpa maganda ya ndizi na mafundi walimzungumzisha wakila chakula cha mchana. Siku moja mteja alimweleza habari ya ile milioni moja. Yule bwana hakumpeleka tumbili kwa askari wa wanyamapori. Kwa nini ampeleke, naye anajua kwamba kumpeleka ni kukiri, na kukiri ni kujitia kitanzi? Alimwondoa chini ya mwembe akamfungia ndani ya kontena kuukuu nyuma ya gereji, humo alimo mpaka sasa, akifunguliwa mlango baada ya magharibi tu, wakati wateja wameondoka. Sheria iliyotungwa kumwokoa mnyama imemhamisha kutoka kifungo cha kivulini hadi kifungo cha gizani, na mtunga sheria hakulikusudia hilo, wala hakimu, wala nyinyi. Lakini ndilo lililotokea, na kwa kadiri nionavyo mimi ndilo litakaloendelea kutokea nyuma ya kuta nyingi za bara hii ya Mombasa maadamu mlango pekee ulioachwa wazi kwa mwenye kutubia ni mlango wa mahakama.

Wapo watakaouliza, je, pana ubaya gani hasa katika kumfuga tumbili, ikiwa analishwa na kupendwa? Swali hili linastahili jawabu lililotimia, kwa kuwa wanaoliuliza si wajinga, na wengi wao wamelala na kitoto cha tumbili kifuani kama walalavyo na watoto wao wenyewe.

Katika mbuga ya Amboseli, ndani ya nchi yetu hii, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walithibitisha mwaka 1980 jambo ambalo Thomas Struhsaker alikuwa amelieleza katika miaka ya sitini, ya kwamba tumbili wana mlio mmoja wa kutahadharishana juu ya chui, mwingine juu ya tai, na mwingine juu ya nyoka, na kwamba wakiusikia wa chui hukimbilia mitini, wakiusikia wa tai hutazama juu au hujitupa vichakani, na wakiusikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili wakachungulia majanini. Walizirekodi sauti hizo wakazipiga kwa kipaza sauti kilichofichwa, pasi na chui wala tai wala nyoka kuwapo, na wanyama wakatenda vile vile. Hilo limeenea vitabuni na wengi wamelisikia. Lakini lipo jaribio jingine la Seyfarth na Cheney ambalo halitajwi sana, nami naliona kuwa ndilo kubwa. Waliuchukua ukelele wa mtoto wa tumbili wakaupiga mahali walipokaa majike kadhaa, mama wa mtoto yule akiwa mmoja wao. Mama aligeukia sauti ilikotoka. Majike wenzake, badala ya kugeukia sauti, walimgeukia mama. Maana yake ni kwamba kila mmoja katika kundi lile alimjua mtoto kwa sauti yake, na akaijua nasaba yake, na akamtazama aliyepaswa kuitika.

Sasa zingatieni jinsi mtoto huyo anavyopatikana. Kitoto cha tumbili hushikamana na tumbo la mama yake tangu saa ya kuzaliwa. Hakiachwi ndani ya tundu kama kifaranga, wala hakifichwi majanini kama mwana wa paa, na mama hamtoi kwa khiari yake. Ama hupigwa mawe, ama huumwa na mbwa, ama hutegwa, ama huuawa, kisha vidole vya mtoto hubanduliwa kimoja kimoja kutoka katika manyoya yake. Wale wanaobaki mitini wote wanajua aliyelia ni mtoto wa nani. Tumbili jike, lau angeachwa, angekaa katika kundi alimozaliwa maisha yake yote, pamoja na mama na nyanya na dada za mama yake, akijifunza kutoka kwao ni tunda gani la msimu gani, ni mti gani wa kulala, na ni mkubwa gani wa kumpisha njia. Na dume angehama akiwa mkubwa kwenda kutafuta kundi la ugenini. Mnyama mwenye maisha ya namna hii hafugiki peke yake uani kwa mtu, hata akilishwa maembe na asali.

Kwa wasomaji walio Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa yetu, sina haja ya kusema mengi, maana yamesemwa na mkubwa kuliko sisi sote. Imepokewa katika hadithi aliyoitoa Abu Daud kwamba baadhi ya masahaba, wakiwa safarini, waliwachukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akipapatika chini kwa uchungu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoona hali ile aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, na akaamuru warudishwe. Hakuuliza kama makinda wale wanalishwa vizuri. Na Kurani tukufu, katika Sura ya Al-An'am, imewaita wanyama wote wa ardhini na ndege wote wa angani kuwa ni umma mfano wetu, nao umma una haki zake, na haki ya kwanza ni kutotenganishwa. Maimamu wetu wamehutubu mengi juu ya riba na ulevi, na wamefanya vyema. Natamani Ijumaa moja wahutubu juu ya hadithi hii ya ndege, katika mtaa ambao kitoto cha tumbili huuzwa hatua chache kutoka mlango wa msikiti.

Ama habari ya mapenzi, nayakubali kwamba yapo, wala sitamkejeli mtu kwa mapenzi yake. Lakini mapenzi hayo yana mwisho unaojulikana. Miaka miwili ya mwanzo mnyama hula mkononi, hulala begani, hucheza na watoto. Kisha hukua. Dume akifikia umri wa miaka kama minne au mitano, meno yake ya chonge huwa yamekwisha kuota marefu na makali, na silika yake humwambia kwamba imefika saa ya kutafuta cheo chake katika kundi. Na kundi alilo nalo ni mama, na baba, na mtoto wa miaka sita, hivyo humuuma yule aliye mdogo kuliko wote. Hapo ndipo kamba hufupishwa. Kamba iliyofungwa kiunoni alipokuwa mdogo haifunguliwi kwa wakati, na nyama huota juu yake. Kwa mkate na vibanzi na soda mifupa hupinda. Kwa upweke hujiuma mikono mwenyewe, au huyumba mbele na nyuma kutwa nzima. Tumbili aweza kuishi zaidi ya miaka ishirini katika kifungo. Mtoto aliyeletewa zawadi akiwa darasa la pili atakuwa ameoa, na mnyama bado yupo kambani.

Wala tusisahau afya zetu. Mwaka 1967 shehena za tumbili kutoka Uganda zilipelekwa kwa ndege Ulaya kwa ajili ya maabara, na watu waliowahudumia na kuwapasua katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, walishikwa na homa isiyojulikana; waliougua walikuwa 31, na 7 wakafa, na homa ile hata leo inaitwa kwa jina la mji wa Marburg. Sisemi kwamba tumbili wa Port Reitz wana homa hiyo. Nasema kwamba miili yetu na yao imekaribiana kiasi cha kuambukizana, na kwamba njia hiyo ina pande mbili, kwani kifua kikuu cha binadamu humshika kima na kumwua. Na katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo watu sita na tumbili mmoja hulala pamoja na dirisha ni moja, hakuna daktari atakayeweza kutwambia kwa yakini ni nani aliyemwambukiza mwenziwe.

Liko jibu moja ambalo nimelisikia mara nyingi na ambalo lina uzito: mtu husema, mimi sikumwiba, nilimkuta njiani juu ya maiti ya mama yake, ningemwacha afe? La, usingemwacha afe, ndugu yangu, na huruma yako ina thawabu. Lakini huruma ile ilikuwa ya siku ile na ya safari ile, kutoka njiani mpaka kwa anayejua kumlea mnyama wa mwitu ili arudi mwituni, na ulipoifanya kuwa milki ulikuwa umegeuza amana kuwa mali yako. Na hapa lawama haimwangukii huyu peke yake, kwani nikimwuliza, mbona hukumpeleka? hunijibu kwa swali: nimpeleke wapi, na kwa nani, nami nitarudi nyumbani usiku huo? Swali hili ndilo ninalolihamisha kutoka kinywani mwake na kuliweka juu ya meza yenu.

Tena mfano wa mnaloombwa mmekwisha kuutoa nyinyi wenyewe. Katika mwaka 2016, kabla ya kuchomwa zile tani 105 za pembe za ndovu mnamo tarehe 30 Aprili katika Mbuga ya Nairobi, serikali ilitangaza msamaha wa siku 21 kwa kila mwenye pembe ya ndovu, au ya kifaru, au nyara nyinginezo, azisalimishe bila ya kushitakiwa. Ikiwa ulikuwako msamaha kwa ajili ya pembe, ambazo mwenyewe amekwisha kufa na hakuna msamaha utakaomrudishia pumzi, vipi usiwepo kwa ajili ya mnyama aliye hai, anayepumua, na ambaye kila siku anayocheleweshewa ni siku ya umri wake? Tumbili wa kontena hahitaji kesi ya kumthibitishia kwamba anadhulumiwa. Anahitaji mlango ufunguliwe, na mwenye ufunguo aweze kuufungua bila ya kuogopa pingu.

Nadhani siku 21 hazitoshi kwa jambo hili. Napendekeza miezi mitatu. Na katika miezi hiyo tangazo lisiwe la gazetini tu kwa Kiingereza cha kisheria, bali lisomwe kwa Kiswahili katika baraza za machifu wa Changamwe na Jomvu na Likoni na Kisauni, misikitini na makanisani, na katika redio za pwani ambazo madereva husikiliza wakiwa foleni ya kupakia mizigo. Mwenye mnyama apewe namba moja ya simu, ijibiwe, na gari lije mpaka mlangoni pake pamoja na daktari wa wanyama, kwa maana mtu hawezi kumpakia nyani mwenye chonge ndani ya matatu, na akijaribu atawadhuru abiria. Asiulizwe jina kama hataki kulitoa. Aulizwe jambo moja tu, alimpata wapi, kwa kuwa jibu hilo, likikusanywa kutoka kwa watu wengi, litawachorea ramani ya njia ya wauzaji kuliko msako wowote.

Kisha liko suala la mahali pa kuwapokea, na hapa nawasihi msifanye haraka. Mtu mwenye kuchoka na tumbili wake humchukua usiku akamwacha karibu na msitu, akidhani amemrejeshea uhuru, na aliyefunguliwa hana mwenyeji. Makundi yenye mitaa yao humfukuza na kumjeruhi, naye hajui tunda wala hajui mlio wa tai, na njaa ikimzidi hushuka kwenye nyumba za watu, kwa kuwa ndiko alikozoea kula, na huko hupigwa mawe. Kumpeleka Shimba Hills na kumfungulia mlango si kumwokoa. Anayefaa kurejeshwa hurejeshwa kwa miezi na pengine miaka, baada ya kupimwa maradhi, na kuunganishwa na wenziwe mpaka wawe kundi, na kuzoezwa kujitafutia. Na asiyefaa, kwa kuwa ni mzee au kilema, hupewa hifadhi ya maisha. Kazi hiyo inajulikana na watu wanaoijua wapo. Hapo Diani, tangu 1997, lipo shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa kwa ajili ya mbega waliokuwa wakigongwa na magari na kuuawa na nyaya za umeme, ambalo limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke, na hutibu kima na tumbili waliojeruhiwa. Na kwa kuwa sasa barabara ya Dongo Kundu imetuondolea udhia wa feri, safari kutoka Port Reitz hadi huko si ndefu. Lakini shirika la hisani lina vizimba vyake na bajeti yake, na si insafu kulimwagia wanyama wa kaunti nzima bila ya kulisaidia kwa fedha za umma. Ninawaomba mjenge, au mkodishe, kituo kimoja kidogo cha karantini katika bara ya magharibi ya Mombasa, ambapo mnyama atakaa mpaka ijulikane afya yake na safari yake.

Kwamba nchi za kwetu zinaweza kufanya kazi ya namna hii, sina shaka nalo. Sweetwaters, kule Ol Pejeta karibu na Nanyuki, ilifunguliwa mwaka 1993 kwa mapatano baina ya hifadhi ile, Shirika lenu, na Taasisi ya Jane Goodall, ili kuwapokea sokwe waliotolewa Burundi wakati wa fitina, ijapokuwa sokwe si mnyama wa misitu ya Kenya hata kidogo. Uganda ina hifadhi ya sokwe katika kisiwa cha Ngamba, ndani ya ziwa Victoria, tangu 1998, na huko Lwiro, karibu na Bukavu, ndani ya nchi iliyoteswa na vita kuliko zote za jirani, Wakongo wamekuwa wakiwalea sokwe na kima yatima tangu 2002. Watu wanaolala wakisikia bunduki wameweza; Mombasa, yenye bandari na uwanja wa ndege na ushuru wake, haitashindwa.

Sasa niwageukie wauzaji, ambao kwao sina ombi la muhula. Mwanzoni mwa mwaka 2005, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, lilikamatwa sanduku lenye sokwe sita wachanga na kima wanne, waliokuwa wamezungushwa viwanja vya ndege vya nchi mbalimbali bila chakula cha kutosha. Mmoja wa sokwe alikufa, na waliosalimika wakapelekwa Sweetwaters. Mwezi wa Machi 2016 ndugu zetu wa Tanzania waliwakamata, katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tumbili 61 waliokuwa wakisafirishwa kwenda Albania, na mwaka huo huo serikali yao ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Huyo mwenye sanduku na yule utingo mwenye kikapu ni ndugu katika biashara moja, tofauti yao ni ukubwa wa gari tu. Maana soko la nje hujifunza njia kwa soko la ndani, na kitoto kinachouzwa leo kando ya barabara kumfurahisha mtoto wa Changamwe huonyesha wakala mkubwa kwamba bidhaa ipo, na kwamba askari wanatazama kwingine. Bandarini mna mbwa wa kunusa wanaotambua pembe ndani ya kontena zilizofungwa. Natamani juhudi hiyo hiyo ielekezwe barabarani, kwenye vituo ambapo malori hulala, na kwa wale wanaowapa watoto wa vijijini fedha kidogo wapande mitini kwa ajili yao.

Hata nchi zisizokuwa na tumbili wa mwitu zimeanza kujihisabu: Uingereza, kwa kanuni zake za mwaka 2024, imeamua kwamba kuanzia Aprili 2026 mtu wa kawaida wa England hataweza kuwa na mnyama wa jamii hii pasipo leseni na pasipo kumtunza kwa kiwango cha bustani ya wanyama. Sisi tunayo sheria iliyo kali kuliko hiyo na tuliitunga mapema zaidi. Kilichopungua kwetu ni njia ya mtu mnyonge kuitii.

Kwa hayo yote, Waheshimiwa, ninaomba jawabu la maandishi, lenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika kwa muhula, jina la afisa wa Mombasa atakayeusimamia, na mahali mnyama wa kwanza atakapopokelewa. Mwenye gereji nimezungumza naye kabla ya kuandika, na ameniruhusu kueleza habari yake bila ya jina. Amesema kwamba akihakikishiwa kutofungwa atamtoa tumbili yeye mwenyewe, kwa sababu mnyama huyo haguswi na mtu mwingine yeyote bila ya kumuuma. Niko tayari kuwaonyesha njia ya kufika kwake siku mtakapotoa tangazo.

Wenu katika utumishi na heshima,
Mkazi wa Port Reitz, Mombasa.